Kazi ya Kundi la Mbaruku

Mbaruku alikuwa kiongozi wa kundi lao chuoni, na kompyuta ilikuwa yake. Aliwakataza wenzake kugusa kazi ya jiografia. "Nitaiandika mwenyewe," alisema, lakini kila alipokaa aanze, alikumbuka video za mpira. Siku ya kukusanya ikafika hajaandika hata neno.

Asubuhi hiyo Saumu, mdogo wao kwa umri, alimletea karatasi. "Nimeshatuandikia, kaka. Naipeleka kwa mwalimu."

Mbaruku akaisoma. "Ziwa Viktoria lina maji ya chumvi? Nani kakwambia?"

"Nimekisia tu."

"Na jina langu umeliweka juu kabisa?"

"Si wewe ndiye kiongozi wetu?"

Mbaruku alimpokonya karatasi, akafungua kompyuta na kuanza kusahihisha. Alifuta sentensi ya kwanza, akafuta ya pili, na kufika adhuhuri alikuwa ameiandika kazi nzima upya. Wakaikusanya kwa wakati.

Walipotoka, Zamda, mwenzao wa kundi, alimnong'oneza Saumu, "Hivi kweli hukujua kitu?"

"Ningekuwa sijui ingekuwa rahisi," Saumu akajibu. "Imenibidi nisome sura nzima, nisije nikapatia hata sentensi moja."