Mtoto Aliyeitwa Kaburi

Yule mama mwenye mtoto anayelia, pale karibu na dirisha, usitoke nje. Kaa. Mwache alie. Habari niliyo nayo asubuhi hii ni ya mtoto, na kama mwenzake anataka kuchangia, ana haki. Ninyi wengine tulieni.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeolewa mbali na kwao. Aliolewa milimani, kwenye kijiji cha migomba na tangawizi, kule ambako ukisimama mlangoni unaliona paa la jirani chini kabisa ya miguu yako, lakini kulifikia ni shughuli. Mume wake alikuwa mpasua mbao, kijana mpole, mpenda utani. Waliishi vizuri. Mwanamke akashika mimba, wakafurahi. Mimba haijaanza hata kuonekana, gogo likamwangukia yule kijana msituni, wenzake wakamleta nyumbani wamembeba kwenye blanketi.

Wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, maana ndivyo wanavyozika kule. Kwa hiyo yule mwanamke kila alipofungua mlango wa jikoni, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa tuta la udongo mwekundu.

Siku ya kuondoa matanga, wifi yake, dada wa marehemu, alisimama mbele ya watu akasema, "Mwanamke huyu tangu aingie kwetu ni kuzika tu. Mwaka aliokuja, baba. Sasa kaka." Akakaa. Hakuongeza neno.

Ndugu zangu, maneno ya namna hiyo hayahitaji kuongezewa. Yana miguu yake. Hakuna mtu aliyemtukana yule mjane, nawaambia ukweli. Hakuna aliyemfukuza. Walipunguza tu. Aliyezoea kupita kuomba moto akaanza kununua kiberiti. Waliozoea kumwita waende mtoni pamoja wakaanza kuondoka mapema. Wakikutana naye njiani wanamsalimu vizuri sana, "Habari za nyumbani?", na huku miguu haisimami. Mnaielewa lugha hiyo? Mnaielewa. Hata humu ndani, nikitazama kutoka hapa juu, naona kuna watu ambao benchi zao zina nafasi kila Jumapili.

Basi miezi ikatimia. Mkunga akapanda, akafanya kazi yake kwa mikono safi, akamwogesha mtoto, akamfunga mama tumbo, akasema, "Hongera, ni binti." Kisha akashuka, maana kule ng'ambo ya bonde kulikuwa na mwingine aliyeshikwa na uchungu. Yule mwanamke akabaki na mtoto mikononi, akamtazama, akaona ana nyusi za baba yake. Akalia na kucheka kwa pamoja. Nani wa kumwonyesha zile nyusi? Hakuwapo.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Mtoto akizaliwa, wanawake wa kijiji huja kumtazama mzazi, na kila mmoja anayeingia huja na jina. Anampakata mtoto, analitaja lile jina, anasema kwa nini. "Mimi nampa la bibi yangu, aliishi mpaka akachoka." "Mimi nampa hili, maana mvua imenyesha." Wanataniana, wanakunywa uji, wanabishana. Mwishoni shangazi wa mtoto huchagua moja kati ya hayo, na ndilo huandikwa kanisani. Mama mwenyewe haleti jina. Ni mwiko. Jina hutoka nje, linaingia mlangoni na mgeni.

Kwa hiyo alfajiri iliyofuata, na mwili wote unamuuma, yule mwanamke alijikongoja jikoni akapika uji. Uji wa ulezi, wa maziwa, wenye tangawizi ya kutosha. Akapika kwenye sufuria kubwa kuliko zote, akijisemea kwamba itakuwa aibu wageni wakipungukiwa. Akapanga vikombe vya harusi yake mezani. Akamvika mtoto kofia. Akakaa akisikiliza njia.

Akasikia nyayo. Akajiweka sawa, akajaribu kusema "Karibuni", sauti ikatoka imekwaruza, maana hakuwa ameitumia tangu mkunga aondoke. Akakohoa, akajaribu tena, ikatoka vizuri. Zile nyayo zikapita. Alikuwa mtu anakwenda shambani kwake.

Uji ukapoa, ukashika utando juu. Jioni akanywa alichoweza, kilichobaki akamwaga. Kesho yake akapika tena, sufuria ya wastani. Siku iliyofuata akapika kwenye sufuria ndogo. Mwishowe akawa anapika kikombe kimoja, na vile vikombe vingine akavirudisha kabatini kimyakimya, kwa haya, kana kwamba vikombe navyo vingemuuliza wageni wako wapi.

Je, watu wale walikuwa wabaya? Hapana, ni watu kama sisi. Mmoja alisema, "Nitakwenda kesho," na kesho mnaijua ilivyo. Mwingine alidhani wenzake wamekwisha kwenda, wamejaa kule, yeye atabanana nao tu. Mwingine alikuwa na jina zuri kabisa kichwani, lakini akasema, "Nikienda, yule wifi atanionaje?" Na wifi mwenyewe alikaa nyumbani kwake akingoja aombwe radhi. Kwa kosa gani, hakuna ajuaye.

Yule mwanamke kwao kulikuwa mbali, na mama yake mzazi alishatangulia mbele ya haki. Hakuwa na mtu wa kumlalamikia. Kilichomuuma kuliko njaa na kuliko mgongo ni kwamba alitaka kumwimbia mtoto, na wimbo ukifika mahali pa kutaja jina anakwama. Anaanza tena, anakwama palepale. Mtoto anamkodolea macho.

Mchana mmoja akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, ananyonyesha. Akasema, "Mwanangu, unisamehe. Jina lako halijaja." Akainua macho aone kama kuna yeyote. Migomba. Kuku wawili. Na lile tuta jekundu, limeanza kuota nyasi. Akalitazama muda mrefu. Akawaza: watu wote wameondoka, huyu peke yake ndiye hajaondoka. Kila ninapofungua mlango, yuko.

Akamwambia mtoto, "Basi utaitwa Kaburi."

Msidhani alilisema kwa laana. Alilisema taratibu, hata kwa upendo. Alitafuta jina katika vitu alivyokuwa navyo, na hicho ndicho alichokuwa nacho. Halafu akaimba ule wimbo, na safari hii akaufikisha mwisho.

Ikaja Jumapili ya ubatizo. Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka mlima polepole, akaingia kanisani, akasimama kwenye mstari pamoja na wazazi wengine. Wenzake nyuma yao kuna shangazi, kuna bibi, kuna mashemeji waliovaa suti. Nyuma yake yeye kulikuwa na ukuta. Mchungaji akachovya mkono kwenye maji, akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Kaburi."

Mchungaji akadhani hakusikia vizuri. "Nani, mama?"

"Kaburi, Baba Mchungaji."

Loo! Kanisa lilivuma. Watu wakashika midomo. Wifi akainuka kutoka benchi la kwaya, joho na yote. "Sikubali! Mimi ndiye shangazi wa mtoto! Jina nachagua mimi!"

Yule mwanamke akageuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililowatia watu hofu. Akasema, "Nilikungoja, wifi. Nilikupikia uji."

Wifi akarudi kukaa. Lakini mama mmoja mtu mzima, wa benchi la mbele, mke wa mzee wa kanisa, akaona amsaidie. Akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu fikiri. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Nani hapa kinywa chake kitakubali kusema 'Mama Kaburi, hujambo'? Tutakuitaje?"

Mwanamke akamjibu, "Kwani mpaka leo mmekuwa mkiniitaje?"

Watu wakatazamana. Mmoja akajikumbusha, mwenzake naye akajikumbusha. Wengine walikuwa wakimwita "yule mjane". Wengine "wa kule juu". Wengi hawakuwa wakimwita kabisa.

Mchungaji, maskini, mkono bado uko hewani, maji yanamchuruzika mpaka ndani ya mkono wa kanzu, akaona aokoe jahazi. Akaligeukia kanisa. "Jamani, hakuna mwenye jina lingine la kumpa mtoto huyu?"

Ndugu zangu, majina yalikuja! Yalitoka kila benchi. "Tunukiwa!" "Nakiete!" "Furahini, Baba Mchungaji, Furahini!" "Niwaeli, la marehemu mama!" Hata wanaume, ambao kwa desturi hawahusiki, walipaza sauti. Majina mazuri, ya kumfaa malkia. Yule mwanamke akasimama pale na mtoto wake akiyasikiliza yote, moja baada ya jingine. Machozi yakamtoka, yale ambayo hakuyatoa hata siku ya maziko. Watu wakafurahi, wakasema moyoni, sasa amelainika.

Yalipokwisha akasema, "Kumbe mlikuwa nayo."

Akamwinua mtoto juu ya maji. "Mbatize, Baba Mchungaji. Anaitwa Kaburi." Na mchungaji akambatiza.

Mnadhani yameishia hapo? Ibada ilipokwisha, watu wote walitoka nje, wakakusanyika uwanjani mafungu mafungu. Huku wanasema lile jina ni uchawi. Huku wanasema mchungaji alikosea, angekataa. Huku wanabishana, Tunukiwa na Furahini, lipi lilikuwa zuri zaidi. Wifi yuko katikati ya fungu kubwa, analia, wanawake wanambembeleza. Mpaka jua likawa kali, bado wanazungumza. Na yule mwanamke alikwisha kupita katikati yao, amembeba mtoto, akashika njia ya mlimani peke yake. Watu waliacha nafasi apite. Hakuna aliyeuliza, "Mtoto nikubebee?"

Sasa nawageukia ninyi. Msiangalie dari.

Tangu nilipotaja lile jina, naona nyuso zenu. Kuna mtu hapa moyoni mwake anasema, "Lakini jamani, Kaburi? Mtoto wa watu?" Mwingine anasema, "Mchungaji yule alikuwa mlegevu." Mwingine amekwisha kumchagulia mtoto jina lake mwenyewe, naye anaona ni zuri kuliko yote yaliyotajwa. Si kweli? Basi mnajua mko wapi? Mko uwanjani. Mmesimama na lile fungu, na mwanamke anapanda mlima.

Simtetei. Mtoto hakumkosea mtu, na alibebeshwa uchungu wa watu wazima kabla hajaota jino. Hilo ni kosa, na mbele za Mungu yule mama atalijibu. Lakini sisi tutajibu nini? Tutamwambia Mungu kwamba jina lilikuwa baya? Na Yeye akituuliza, "Lako zuri ulilifikisha lini?", tutasema lilikuwa kichwani?

Sisi ni hodari wa kushtuka. Binti akivaa nguo nyeusi tupu na kujifungia chumbani, tunashtuka. Kijana akijichora fuvu mkononi, tunaitisha kikao. Mama akimpa mtoto jina la kutisha, tunapiga yowe. Tunakuja mbio na maneno mazuri, na Mungu, na maombi, na ushauri. Tunakuja siku ya kushtuka. Siku zile za sufuria kubwa hatukuonekana. Mtu aliyeachwa peke yake hutwaa kilichobaki karibu naye, na sisi ndio tuliohakikisha kwamba kilichobaki ni giza.

Na msinisumbue na swali la kwamba kijiji chenyewe ni kipi. Kuna nyumba, hapahapa kwetu, ambayo hamjaingia tangu msiba, au tangu ule ugomvi, au tangu yale maneno yaliyosemwa na mtu fulani. Sihitaji kuitaja. Nilipoanza tu kusema, ilikujieni akilini, kila mtu na yake, na mmekuwa mkijaribu kuifukuza tangu hapo.

Leo sitawaaga kwa baraka. Nimeamua hivyo, na wazee wa kanisa watanisemesha baadaye. Hatutasimama uwanjani pia. Mkitoka mlango ule, kila mtu na njia yake, nendeni mkabishe hodi. Mkikaribishwa, ingieni mkae. Na mkikuta anayewafungulia amekasirika, mwacheni akasirike, huku mmekaa naye. Nendeni sasa.