Jiko Lililozimika Kila Alasiri

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kupigiana hodi, palikuwa na shule moja juu ya mlima. Shule hiyo ilichukua watoto wenye vipaji tu. Kila bonde lilipeleka watoto wake kufanya mtihani, na kila bonde lilipewa nafasi moja.

Katika bonde la chini aliishi Pimbi, mjane, na binti yake Siwema. Siwema alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Mama yake hakujua kusoma wala kugawanya, na alijua kwamba bila shule ile binti angebaki kuokota majani kama yeye.

Mwalimu wa tuisheni alikuwa mmoja, Kobe. Kila asubuhi alifundisha katika yadi ya Nyati. Wanafunzi wake walikuwa wawili: Kwato, mtoto wa Nyati, na Tipwa, mtoto wa Kiboko. Mama Siwema akampeleka binti yake.

"Yadi imejaa," alisema Nyati mlangoni.

"Imejaa, Baba Kwato? Mtoto wangu anaenea ndani ya kikombe."

"Basi mfundishe humo humo kikombeni."

Kwato na Tipwa walicheka mpaka wakagaragara.

Mama Siwema aliondoka na binti yake, lakini alikuwa ameshaona jambo. Kobe akimaliza kufundisha, aliacha mazoezi ya kufanyia nyumbani. Watoto hawakuyagusa. Kwato alikwenda matopeni, Tipwa alikwenda kuogelea, na baba zao walikaa chini wakayafanya wenyewe, ili kesho yake Kobe awasifu watoto.

Alasiri hiyo Mama Siwema alichota kata ya maji akaimwaga jikoni. Chwaa!

"Mama, umezima moto."

"Nimeuzima. Chukua kigae, tukaombe moto kwa jirani. Tukifika, puliza kaa polepole, na macho yako yawe kwenye mikono ya mwenye nyumba."

Enzi hizo hakuna aliyemnyima jirani moto. Yadi iliweza kujaa, jiko halikuweza.

"Hodi," aliita Mama Siwema.

"Karibu. Moto uko jikoni," alisema Nyati bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kibao cha kuandikia cha mwanawe.

"Ahsante, Baba Kwato. Pole na kazi. Baba Tipwa anasema hesabu ya kugawanya imekushinda."

"Nani kasema? Yule anayeshinda majini, pua tu ndiyo iko nje?"

"Mimi sijui, sikusoma. Anasema kikibaki kitu, hujui pa kukipeleka."

"Kaa hapo." Nyati alipanga kokoto chini, ta, ta, ta. "Maboga kumi na saba, walaji watano. Kila mmoja matatu. Yamebaki mawili. Hayatupwi, hayaliwi. Yanaandikwa pembeni. Kamwambie huyo."

Siwema alipuliza kaa, fuu, fuu, macho kwenye kokoto.

Kesho yake, chwaa! Safari hii walikwenda kwa Kiboko.

"Hodi, Baba Tipwa. Baba Kwato anasema wewe hadithi huzisomi, unakisia."

Kiboko alitoka majini akitiririka. "Nakisia? Sikiliza." Akasoma hadithi aliyoiacha Kobe, mwanzo hadi mwisho. "Sasa swali: kwa nini Swala alirudi nyuma? Asiyejua kusoma hukimbilia mstari wa mwisho. Jibu liko huku juu, pale alipomwacha mtoto. Kampe salamu zake huyo mwenye pembe."

Fuu, fuu, Siwema alipuliza.

Wakifika nyumbani, Mama Siwema alitandaza jivu la jiko lililolowa maji, na binti akayarudia yote kwa ukucha juu yake, peke yake.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Nimemaliza."

"Futa, uanze upya."

Ikawa hivyo kila alasiri, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Tafuta kuni kavu, Mama Siwema," Nyati alimwambia siku moja.

"Nitatafuta, Baba Kwato."

Siku ya mtihani Korongo, mwalimu mkuu, aliwaingiza watoto ndani ya ua wa matete, akawafungia wazazi nje. Mama Siwema alibandika sikio kwenye matete.

"Maembe ishirini na tatu, walaji wanne," alisema Korongo. "Kwato?"

"Hiyo baba anaijua."

"Baba hayumo humu. Tipwa?"

"Mimi baba hunifanyia wakati naogelea."

"Siwema?"

Mama Siwema alisikia kokoto, ta, ta, ta. "Kila mmoja matano. Yamebaki matatu. Yanaandikwa pembeni."

Nyati alimgeukia Kiboko. "Hayo ni maneno yangu. Na wewe ndiye uliyesema hesabu imenishinda."

"Nilisema lini? Wewe ndiye uliyesema nakisia."

Polepole wote wawili wakainamisha vichwa kumtazama Mama Siwema.

"Moto," alisema Kiboko.

"Mtanisamehe, jirani zangu," alisema Mama Siwema. "Jiko langu lilikuwa linaingia maji."

Nyati aliinua mguu amkanyage. Wakati huohuo mlango ulifunguliwa, Korongo akatoka na Siwema.

"Nafasi ni ya huyu," alisema. "Mwanangu, nani alikufundisha?"

"Hesabu, Baba Kwato. Kusoma, Baba Tipwa. Hawakuchoka."

Wazazi wa mabonde yote walipiga makofi. Korongo aliwainamia wale wawili. "Majirani kama ninyi ni wachache. Mmemsomesha mtoto wa mwenzenu, mkawaacha wenu."

Nyati alimtazama Kiboko. Kusema kweli kungekuwa kueleza ni nani aliyekuwa akiandika kwenye vibao vya watoto wao. Akaushusha mguu taratibu.

"Ah," alisema, "ni ujirani tu."

Hadithi inatua hapo, watoto: mzazi anayemfanyia mwanawe mazoezi hujisomesha mwenyewe.