Kiboko Aliyeomba Kufukuzwa Kazi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na shamba!

Walimaji?

Kijiji kizima!

Na mlaji?

Mmoja tu!

Mlaji huyo alikuwa Kiboko, mwenye shamba la mahindi kando ya mto. Wanyama walilima, pu! pu! pu! Wakapanda, wakapalilia. Kwa desturi, aliyevuna hupewa fungu lake. Kwa hiyo kila mwaka, mahindi yalipoanza kukomaa, Kiboko alipiga mbiu: "Kazi hakuna! Tokeni!" Akavuna peke yake, kwa mdomo.

Mwaka mmoja Sange, kamnyama kadogo ka pua ndefu, alifukuzwa tena. Nyumbani watoto walikuwa wakilamba chungu kikavu. Hasira ilimpanda. Akaimeza, akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, pua wewe?"

"Naaga. Nahamia ng'ambo. Kule aliyefukuzwa kazi hulishwa na ghala la wote mpaka apate nyingine."

"Ho! ho! Ndiyo maana kule wote wavivu!"

"Kweli, mzee. Wanakula tu. Uji, karanga, matikiti..."

Kiboko akaacha kucheka. "Matikiti?"

"Lakini wewe huwezi. Nani atamfukuza mwenye shamba?"

"Nifukuze wewe!"

"Kibarua amfukuze bwana? Labda shamba liwe langu, na wote wasikie."

Kiboko akapiga mbiu: "Shamba ni la Sange!"

Sange akapanda kichuguu. Maneno aliyoyameza miaka yote yakamtoka: "Toka! Kazi hakuna! Watoto wako watakula nini? Hainihusu! Toka!"

 Wanyama wote waliyajua maneno yale: ndiyo Kiboko aliyowaambia kila mwaka.

Kiboko akajitosa mtoni, chubwi! Ng'ambo akamkuta Swala, mlinzi wa ghala.

"Nimefukuzwa. Nipe matikiti."

"Pole, ndugu. Hapa kila mvunaji huweka kikapu ghalani, na bwana wake huweka kingine. Akifukuzwa, anakula. Bwana wako aliweka wapi?"

"Kwetu hakuna ghala. Lilikataliwa."

"Nani alilikataa?"

Kiboko akaondoka akinung'unika.

Aliporudi kwake siku kadhaa baadaye, mahindi yalikuwa yamevunwa, na kila mmoja amebeba fungu lake. Wengine walikuwa wakikandika ghala jipya.

"Nirudishie shamba langu!"

Sange alitaka kumtukana. Alipouona uso ule mkubwa ukitetemeka, huruma ikamjia, ingawa kidogo. Akamtupia jembe. "Lima, mzee. Fungu utapata."

"Mimi? Jembe?" Kiboko akasonya, akazama, chubwi!

Mzigo wa hadithi nimeutua. Mwenye mabega aubebe. Na funzo lake ni hili: mfanyakazi asipewe kinga, maana njaa ndiyo humfundisha bidii. Nimeambiwa hivyo na walioshiba.