Saumu ya Umaima na Maziwa ya Sukaina

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika kijiji cha milimani nchi ya Yemen aliishi mja mwema akiitwa Umaima, mke wa Harithi, mshonaji wa matandiko ya ngamia. Tangu usichana wake alikuwa akifunga siku moja na kula siku moja, na wanawake wa pale waliwaombea mabinti zao wafanane naye. Mola akamruzuku mtoto wa kike, wakamwita Sukaina. Umaima akanuia kumnyonyesha miaka miwili kamili, na siku zake za nifasi, za damu ya uzazi, zilipokwisha akarudia saumu zake kama kawaida.

Mtoto alipofika mwezi wa sita, maziwa yakaanza kupungua. Sukaina alikuwa akivuta ziwa, analiacha, analia, kisha analirudia. Umaima hakuelewa. Mkwewe alimwambia asihangaike, amwachishe tu, kwani yeye wanawe wote aliwaachisha kabla hawajatambaa. Jirani akasema ni husda. Harithi, mtu mpole, alidhani ni uchovu wa kusokota sufu, akamwomba apumzike. Kila neno Umaima alilisadiki siku aliyoambiwa, na kesho yake akalitilia shaka.

Mwisho akajiambia kuwa lazima iko dhambi aliyoitenda. Akaitafuta, hakuiona. Basi akaongeza ibada: akafunga mfululizo, akazidisha rakaa, akamwomba Mola amrudishie maziwa. Yakazidi kupungua. Hapo akachanganyikiwa kabisa, hata ndani ya sala akawa anasahau amesali rakaa ngapi.

Siku moja baada ya adhuhuri, Harithi akamsihi amtafutie mtoto maziwa ya mbuzi. Umaima akambeba Sukaina hadi kwa Juwairia, mjane mchunga mbuzi, aliyekuwa akikamua karibu na kisima ambapo wanawake walikuwa wakiteka maji. Juwairia akaitazama midomo ya Umaima iliyokauka, akaacha kukamua.

"Mwanangu, leo umekula nini?"

Umaima akajibu tu kwamba yu salama, alhamdulillahi. Mjane akarudia swali lake.

"Nimefunga, mama."

"Na jana?"

"Na jana pia." Akainamisha kichwa. "Leo ni siku ya kumi na tisa."

Juwairia hakumlaumu. Alimweleza kwamba yeye hamwachi mbuzi mwenye mtoto bila majani, kwani akikosa malisho siku mbili tatu, mwanawe ndiye anayepiga kelele. Akamkumbusha kuwa Mola kwa rehema zake amempa anayenyonyesha ruhusa ya kula hata Ramadhani akimchelea mtoto, sembuse saumu ya hiari. Kisha akatoa mkate wa mtama na tende, akaviweka mbele yake.

Umaima akautazama mkate. Hukumu ile aliijua tangu utotoni, na hilo ndilo lililomtatiza zaidi: aliijua, na hakuwahi kuifikiria. Akageuka, akawaona wanawake kisimani wakimtazama. Akasita kuunyoosha mkono. Ndipo akakiona moyoni mwake kitu ambacho hakukitarajia, akakisema kwa sauti ya chini.

"Mama, ninaposita kuula mkate huu, simwogopi Mungu. Nawaogopa wale."

"Basi kula wakikuona," akasema Juwairia.

Akala huku machozi yakimtoka, asijue kama analia kwa toba, kwa aibu au kwa njaa.

Maziwa hayakurudi siku ile. Kwa siku kadhaa Sukaina alinyweshwa ya mbuzi kwa kijiko, na kila mara akawekwa ziwani, mama yake akila na kupumzika, bado hana hakika. Hata asubuhi moja mtoto akanyonya, akashiba, akasinzia. Kijijini ikasemwa kwamba Umaima amelegea, dunia imemvuta. Alimnyonyesha mwanawe hadi miaka miwili ikatimia, na aliporudia saumu zake, hakuna aliyezijua siku zake ila Mola wake.

Ndugu katika imani, tukimwona mama ameacha kunyonyesha mapema, tusikimbilie kumhukumu. Tuulize kwanza amekula nini, nani amempumzisha, na ni macho ya nani anayoyaogopa. Mola awarehemu mama zetu, na atusamehe ibada tulizozifanya ili tuonekane.