Kwa Nini Hekalu la Masonara Lina Bonge la Udongo

Zamani, wakati Mtaa wa Nyundo pale Mtondoni ulikuwa bado njia ya vumbi, hakuna sonara aliyethubutu kusema "sijui" mbele ya watu. Ilikuwa aibu kubwa. Sonara akiletewa pete alitaja uzito wake kabla hajaigusa mizani. Akiletewa kidani alieleza dhahabu ni kiasi gani na shaba imechanganywa kiasi gani. Akiulizwa jambo lililomshinda, alikohoa, akaagiza chai, akaanzisha mazungumzo mengine. Msicheke. Ndivyo walivyokuwa mababu zenu, na chai nyingi ilinywewa siku hizo.

Aliyewazidi wote kwa kujua alikuwa Fundi Devshi. Huyu alipima kila kilichopimika. Siku moja alipima mzigo wa kuni, akazichoma, akapima majivu, na kile kilichopungua akautangazia mtaa mzima kuwa ndio uzito wa moshi. Watu walitoka nje wakautazama moshi kwa heshima mpya. Tangu hapo Devshi akawa na msemo wake: kilichopo kina kipimo, na chenye kipimo yeye atakitengeneza.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, Monghi, aliyekulia akivuta mivukuto ya kupulizia moto wa jiko la usonara, na sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye mkono mwepesi kuliko wa baba yake. Nyundo ya babu yao, yenye mpini wa mpingo uliong'aa kwa kushikwa, ilikuwa imeahidiwa kwake. Hakuna mwanamke aliyewahi kurithi nyundo katika mtaa ule. Devshi alikwisha sema kwamba Monghi atakuwa wa kwanza, na asiyependa na ahame.

Basi masonara wakajenga hekalu lao. Kuta zikapakwa chokaa, kengele ikatundikwa, vishubaka vya miungu vikachongwa pembeni, na kimoja kikubwa kikaachwa katikati. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ukoo mmoja ulimtaka Krishna katikati, mwingine Shiva, mwingine Rama, na akina mama wakasema kwa kauli moja kwamba atakaa Mama Amba au hawapiki cha sikukuu. Mashemeji wakaacha kusalimiana. Masufuria ya kuazimana yakarudishwa kwa wenyewe bila hata kuoshwa vizuri.

Kuhani wao, Maharaj Jethalal, alikuwa mzee mwembamba aliyezijua Upanishad, yale maandiko ya kale ya Wahindu, pasipo kufungua kitabu. Aliwaacha wagombane mpaka wakachoka, kisha akawaambia kwamba wote waliotajwa watapata vishubaka vyao pembeni. Cha katikati kilikuwa cha Yule ambaye hao wote ni majina yake. Wenye hekima wa kale walimwita Brahman, na walipoulizwa yukoje walijibu "neti, neti," yaani si hivi, wala si hivi.

Devshi akajitokeza mbele.

"Basi mimi nitamtengeneza."

"Nani?" akauliza Maharaj.

"Huyo huyo wa katikati. Nipeni dhahabu."

Dhahabu ilitolewa kila nyumba. Kalyanji, muuza vyombo vya shaba mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, alitoa bangili za marehemu mama yake, na alipozitoa hakuziachia upesi. "Na ukishindwa, Devshi?" akauliza. Devshi hakupenda kuulizwa hivyo. Akaweka kiganja juu ya taa ya ibada akaapa: Diwali, sikukuu ya taa, ikifika na kishubaka kingali kitupu, nyundo ya babu itaingia motoni, na jiko lake halitawashwa tena.

Upande wa wanawake, Monghi alikisikia kiapo hicho. Nyundo ile ilikuwa yake kesho na keshokutwa, na hakuna aliyemwuliza neno.

Sasa, kazi ya kusubu dhahabu iko hivi. Fundi hufinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaliweka motoni. Nta huyeyuka ikatoka kwenye tundu, na ndani ya udongo hubaki nafasi yenye umbo lile. Hiyo ndiyo kalibu. Dhahabu humiminwa humo, na ikishapoa kalibu huvunjwa. Devshi alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake bila kuifikiria mara mbili.

Kwanza akasubu uso, mtulivu, wenye macho yaliyofumba nusu. Ulikuwa mzuri kweli, mpaka watu wakasogea karibu wakaona pua. Ilikuwa pua ya Devshi mwenyewe. Akina mama walitoka nje kwenda kucheka. Maharaj hakucheka, alisema tu, "Si hivi."

Akauyeyusha, akasubu jua lenye miale. "Jua," wakasema wote, nalo jua lilikuwa juu yao bila kusubiwa na mtu. "Si hivi," akasema Maharaj. Akasubu duara laini lisilo mwanzo wala mwisho, akakesha akilisugua, na alipolifunua Kalyanji akauliza chungwa lile ni la nani.

Devshi akapandwa na hasira. "Maharaj, kila siku unajua si hivi, si hivi. Haya, niambie basi yukoje!"

"Sijui," akasema Maharaj, bila kuona haya wala kuagiza chai.

"Kama hujui, unajuaje kwamba si hili?"

"Umelipima?"

"Nimelipima. Ratili mbili kasoro kidogo."

"Basi si yeye," akasema mzee, akarudi kwenye sala zake.

Devshi alirudi nyumbani na jibu hilo limemkaa kooni. Alijaribu kulidharau, likakataa kudharauliwa. Alifinyanga nta ya mwali wa moto, akaitengenezea kalibu, akaiweka kwenye makaa. Monghi alivuta mivukuto kwa haraka, maana Diwali ilikuwa inakaribia na kila alipoitazama nyundo ya babu alihisi kuagana nayo. Nta ilitoka yote. Dhahabu ilikuwa imeiva, nyekundu, inatetemeka chunguni.

"Bapuji, mimina, itapoa," Monghi akamhimiza baba yake.

Devshi aliishika kalibu kwa koleo, akalitazama lile tundu, na mkono wake mwingine ukasita. Nta ilikuwa imeondoka, na aliujua uzito wake. Dhahabu ilikuwa haijaingia, nayo aliujua uzito wake. Kati ya hizo mbili kulikuwa na kitu humo ndani kilichokuwa kinaisubiri dhahabu, kitakachoiamuru ijipinde hapa, ichongoke pale, nayo itatii. Maisha yake yote kitu hicho kilikuwa kimepita mikononi mwake, na hakuwahi kukipima. Kingepimwa kwa mizani gani?

Aliketi chini pale pale, mzee mzima, akacheka mpaka Monghi akadhani makaa yamempanda kichwani.

Lakini kalibu ile akaivunja. "Hii naijua," akamwambia binti yake. "Nta yake nimeifinyanga mimi. Ninachokijua hakifai."

Kesho yake akachukua bonge la nta, akalizungushia kitambaa kikuukuu, akapita nalo nyumba kwa nyumba. Kila mtu aliambiwa alibonyeze juu ya kitambaa anavyomwona Mungu moyoni, bila kulifunua. Waliomtaka Shiva wakabonyeza, waliomtaka Rama wakabonyeza. Akina mama waliligombania. Kalyanji alilipokea kwa kejeli, kisha akageukia ukutani nalo, akakaa sana, na alipolirudisha macho yake yalikuwa mekundu. Maharaj alilishika mwisho. Hakuna aliyeona alama aliyoiacha mwenzake, na Devshi hakulipapasa. Alilitumbukiza kwenye udongo laini pamoja na kitambaa chake, akaacha tundu, akalianika mpaka likakauka.

Siku ya Diwali watu walijaa uani mwa hekalu wakiwa na nguo mpya. Makaa yalikuwa tayari. Bonge likawekwa motoni mbele ya wote, kitambaa kikaungua ndani kwa ndani, nta ikachuruzika ikawaka. Chungu cha dhahabu kilikuwa kando kinachemka. Devshi akalitoa bonge, akaliinua, akachota udongo mbichi kwa kidole, akaliziba tundu.

Ukelele ulioinuka hapo ulisikika sokoni. Kalyanji alifika mbele kwanza.

"Dhahabu yetu je?"

"Itapoa, nitaipima, kila nyumba itachukua iliyoleta. Na bangili za mama yako nitakufulia upya kwa mkono wangu."

"Na Mungu wa kishubakani?"

Devshi akalionyesha bonge. Lilikuwa limeungua, jeusi upande mmoja, lina nundu kama kiazi kikuu. Maharaj akasogea na fimbo yake, na watu wakampisha.

"Ndani mna nini, Devshi?"

Monghi alimwona baba yake akifungua mdomo, akaufunga. Aliijua ile haya. Ilikuwa haya ya mtaa mzima. Akaogopa atakohoa. Akaogopa ataagiza chai.

Devshi akainua kidevu. "Sijui," akasema, kwa sauti ya kumfikia aliyesimama nje ya lango. "Mna umbo, maana mikono yenu yote imo. Nikilijaza mtaona dhahabu, hamtaliona lenyewe. Nikilivunja litakuwa limekwenda. Umbo hilo halina uzito. Nimekuwa sonara miaka yangu yote, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichotengeneza ambacho sikijui."

"Anatuchezea!" akafoka Kalyanji. "Kishubaka kitakuwa kitupu! Ametia utupu ndani ya udongo. Kiapo ni kiapo, nyundo iingie motoni!"

Watu waligawanyika hapo hapo, nusu wakisema ni kitupu, nusu wakisema si kitupu. Devshi hakubishana. Aliichukua nyundo ya babu kutoka mkononi mwa Monghi, akaiweka mkononi mwa Kalyanji, na bonge akaliweka juu ya fuawe, kile chuma cha kufulia.

"Vunja, bhai, ndugu yangu. Ukikuta utupu mtupu, nyundo hiyo uitupe motoni wewe mwenyewe."

Kalyanji akaiinua nyundo. Alikuwa na nguvu za kutosha kupasua jiwe. Akaitazama ile nundu ya upande wa kulia, pale alipobonyeza siku ile akiwa ameelekea ukutani, na nyundo ikakaa juu, ikakaa, haishuki. Kila mtu uani pale aliona. Mtu havunji kitu kitupu kwa shida namna ile.

Kalyanji akaishusha nyundo taratibu, akaiweka chini. Akalibeba bonge kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani, akapanda ngazi, akaliweka mwenyewe katika kishubaka cha katikati. Akavua shada lake la maua akalivisha. Watu wote wakamgeukia Maharaj, wakangojea lile neno lake.

Maharaj Jethalal aliunganisha viganja, akainama. Hakusema "si hivi." Alisema, "Huyo siye. Lakini hatukumsingizia sura."

Monghi akaiokota nyundo yake. Kwa furaha iliyomjaa hakujua afanye nini nayo, basi akaigonga juu ya fuawe tupu, mara moja, kwa nguvu. Masonara wengine wakakimbilia majiko yao wakagonga za kwao, na mtaa wote ukalia. Waliokuwa wakipita njia kuu waliuliza kuna harusi ya nani. Hivyo ndivyo mwanamke wa kwanza alivyopokea nyundo katika Mtaa wa Nyundo, na hakuna aliyehama.

Na tangu siku hiyo, ukiingia hekalu lile lililojengwa na watu wa dhahabu, unaona dhahabu kila pembe, na katikati, mahali pa heshima kuliko pote, unaona bonge la udongo lililovishwa maua. Wageni hucheka, huuliza kama tunaabudu kiazi. Waache wacheke. Wengine wana picha ya wanachokijua. Sisi tumekitunza tusichokijua bila kukivunja. Kila mwanagenzi anapohitimu usonara husimamishwa mbele ya kishubaka, akaulizwa ndani mna nini, naye hujibu kwa kidevu kilichoinuliwa. Akijibu kwa kunong'ona, anarudishwa kwenye mivukuto mwaka mwingine.

Juzijuzi alirudi Hansa, wa uzao wa Monghi, aliyesoma habari za nyota huko vyuo vikuu. Alitueleza kwamba kule juu kuna kitu kinachozivuta nyota, kizito kuliko nyota zote zinazoonekana, na hakuna aliyewahi kukiona. Akaomba kulipiga bonge picha kwa mashine inayopenya udongo. Wazee hawakumkatalia; Devshi naye alikuwa mtu wa vipimo. Akapiga, akaigeuza picha huku na huku, akaitazama kwa miwani na bila miwani. Ilionyesha nafasi yenye mikunjo mingi, mkono juu ya mkono.

Maharaj wa siku hizi akamwuliza, "Ndani mna nini, beti, binti yangu?"

Daktari Hansa, mwenye shahada zake zote, akainua kidevu mbele ya watu. "Sijui," akasema.

Ndiyo maana, ukiwa Mtondoni ukasikia nyundo zote za mtaa zikigongwa kwa pamoja, usiulize harusi ni ya nani. Kuna mtu amesema sijui, na tunamshangilia.