Jawabu Lililochelewa

Imepokewa kutoka kwa watu wakweli, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Yemen, zama za wema waliotangulia, aliishi mshona matandiko ya ngamia aitwaye Hudhaili bin Sawari, Mungu amrehemu. Alisifika kwa kuichunga adabu ya Ijumaa. Imamu akipanda mimbarini, Hudhaili hakutamka neno wala hakugeuza shingo, kwa kuwa sheria imewaamuru waumini wanyamaze na kusikiliza. Hata anayemwambia jirani yake "nyamaza" huhesabiwa kuwa amefanya upuuzi. Siku moja nge alimuuma kifundoni katikati ya hotuba, naye akauma ncha ya kilemba chake mpaka sala ikamalizika. Watu walimtania kwa hilo miaka mingi na, tuseme kweli, hakuchukia kutaniwa.

Amiri wa mji ule alikuwa akihutubu mwenyewe. Alitaka kupitisha njia ya farasi wake kutoka kasrini hadi mlango wa msikiti, asisongamane na watu wa sokoni, na katikati ya njia hiyo ilisimama nyumba ya mjane, Bi Lubaba, muuza mikate. Ijumaa moja, akiwa juu ya mimbari, amiri alisema:

"Nyumba iliyo kando ya msikiti haina mwenyewe; ni mali ya hazina. Anayejua vinginevyo na aseme."

Msikiti mzima ulijua vinginevyo. Bi Lubaba aliirithi nyumba ile kwa mamake, na Hudhaili, jirani wa ukuta kwa ukuta, alihudhuria urithi ulipogawanywa. Lakini ilikuwa hotuba. Wakanyamaza wote, kama walivyozoea kunyamaza. Amiri akangoja kidogo, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaendelea kuhutubu juu ya fadhila za sadaka.

Kesho yake askari walifika na kamba za kupimia. Bi Lubaba, mikono imejaa unga, akakimbilia kwa kadhi. Kadhi akamwambia kwamba ukimya wa watu si hoja kamili dhidi yake, ila umeleta shaka. Akamwekea sharti: "Walionyamaza barazani pale msikitini, wawili wao na wakanushe barazani palepale, Ijumaa ijayo. Wasipopatikana, nyumba itabomolewa." Wapo wanaosema kadhi alikuwa mwoga, na wapo wanaosema alikuwa akimtafutia mjane njia. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

Mama yule akaenda moja kwa moja kwa jirani yake.

"Hudhaili, nge alipokuuma ulinyamaza, nikasema jirani yangu ana subira. Safari hii nimeumwa mimi, nawe umenyamaza vilevile. Hiyo nayo niiite subira?"

"Bi Lubaba, ilikuwa hotuba. Ningesema, thawabu za Ijumaa yangu zingepotea."

"Basi ihifadhi Ijumaa yako, mwanangu. Ukikosa mahali pa kuiweka, usiilete kwangu. Mimi sitakuwa na nyumba."

Maneno yale yalimkaa rohoni. Alishona tandiko, akalifumua, akalishona tena upande usio wake. Alipokaa na mkewe, Nufaisa, akasema kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya anayesema wakati wa hotuba, na kwamba yeye anachelea thawabu tu, si kingine.

Nufaisa alikuwa akichambua dengu, hakuinua macho. "Kama unachelea Ijumaa, Baba Thabiti, mbona unashona na kufumua, na leo ni Jumatatu?"

Hudhaili akatoka nje. Akaihoji nafsi yake kama kadhi anavyomhoji shahidi: kumcha Mungu kunaishia wapi, na kuuogopa mjeledi kunaanzia wapi? Akaona kwamba ukimya ule uliomfaa amiri ulimfaa na yeye pia, na hilo ndilo lililomtisha.

Ijumaa ilipofika, amiri hakuuliza kitu. Alihutubu juu ya utiifu, akarefusha, na ilidhihirika kwamba hakusudii kurudia swali. Hapo Hudhaili akasimama.

"Ewe Amiri, Ijumaa iliyopita uliuliza swali. Jawabu langu limechelewa, niwie radhi. Nashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba nyumba ile ni ya Lubaba kwa urithi wa mamake, na nilikuwepo urithi ulipogawanywa."

Askari akafoka, "Keti, mzee! Kwenye hotuba hakusemwi!"

"Swali liliulizwa kwenye hotuba," akajibu Hudhaili.

Amiri akatabasamu. "Shahidi mmoja," akasema, akatazama huku na huku.

Hakuinuka mtu. Hudhaili alibaki amesimama peke yake. Kisha kutoka mlangoni kabisa, penye viatu, ikasikika sauti ya mchinjaji wa mbuzi, mtu ambaye hakuna aliyemtaja panapotajwa wachamungu.

"Na langu limechelewa, Amiri, kama ninavyochelewa mwenyewe kila wiki. Nyumba ni ya Bi Lubaba."

Baadhi ya watu wakashindwa kuzuia kicheko. Akainuka mtia rangi nguo, akainuka kipofu mmoja aliyeshikwa mkono na mwanawe, kisha safu nzima. Kadhi naye akasimama, uso umempauka, akasema, "Baraza limekanusha."

Wengine wameongeza kwamba amiri alilia palepale mimbarini akatubia. Nyongeza hiyo haina mpokezi anayejulikana, nasi tunaiacha. Lililothibiti ni kwamba kamba ziliondolewa, Bi Lubaba akaoka mikate katika nyumba yake mpaka alipofariki, na Hudhaili akanyang'anywa kibanda chake cha sokoni, akawa anashonea kizingitini kwake.

Sala ilipokwisha siku ile, watu walimwona akisimama peke yake, akasali rakaa nne za adhuhuri. Mchinjaji akamngoja, akamuuliza, "Unailipa Ijumaa ya leo, kwa kuwa ulisema?"

"La," akasema Hudhaili. "Ya leo naitarajia kwa Mola wangu. Hii ni ya ile niliyonyamaza."

Wanafiqhi hawatakubaliana naye. Hakuna kitabu kinachomlazimisha mtu kulipa sala kwa sababu hiyo. Lakini kila aliyewahi kunyamaza mbele ya dhuluma, akauita ukimya wake ibada, na ajiulize ni nani hasa aliyenufaika nao. Mwenyezi Mungu atujaalie tusichelewe.