Pete ya Ngozi na Zamu Moja ya Maji

Hapo zamani, huko mlimani, kijiji kizima kilinywa na kulima kwa maji ya mfereji mmoja. Mfereji huo ulikuwa na mwenyewe, Mzee Mashina, mtu mrefu mwenye kikohozi na maneno machache. Nanyi msinikatize, maana nikikatizwa nitasahau nani alisema nini, na hukumu yenu itakuwa ya bure.

Mwaka huo banio la mfereji, pale maji yanapotolewa mtoni, lilibomoka katikati ya kiangazi. Aliyekosa raha kuliko wote ni Aikande, mjane mwenye binti mmoja, Nsia. Wengine walikuwa na migomba na ng'ombe. Yeye alikuwa na shamba lake la ulezi, basi. Kila asubuhi alikwenda kuyashika majani yake, na kila asubuhi yalikuwa makavu kuliko jana.

Sasa, desturi ilikuwa hivi. Kabla ya kuchimba, mbuzi alichinjwa pale banioni, mababu wakaitwa kwa majina, na kila mchimbaji akavishwa kidoleni pete ya ngozi ya yule mbuzi. Mwenye pete amekula kiapo na wenzake. Damu ya mtu ikimwagika kazini, wenye pete wote huweka majembe chini mpaka kesho, watakaswe. Na asiyeshiriki hapati maji.

Wakristo kijijini walikuwa watatu tu, waliokwenda kusali kanisa la kijiji cha jirani: Aikande, kaka yake Ndekirwa, na shemeji yake Elinami, mdogo wa marehemu mumewe. Watatu, na kila mmoja na lake! Mnacheka? Mnajijua.

Ndekirwa alisimama mbele ya wazee. "Mzee Mashina, nakuheshimu kama baba. Lakini pete hiyo siivai, na hapo mababu wanapoitwa sikanyagi. Kama ni kukosa maji, nitakosa."

Wazee wakatema mate chini. Mzee Mashina akamtazama, akakohoa. "Huyu angalau hanidanganyi," akasema. "Basi, mwaka huu asiyetaka pete asivishwe kwa nguvu. Lakini akitaka kuchimba, mwenye pete amdhamini."

Elinami akanyoosha kidole palepale. "Nivisheni mimi, wazee wangu. Ngozi ni ngozi tu. Ninayemwabudu anaujua moyo wangu. Na mama Nsia namdhamini mimi." Akavaa, akala nyama, akaomba na supu, maana Elinami hakuwa mtu wa kuipita supu.

Aikande akabaki katikati. Akivaa pete, atamtazamaje kaka yake kanisani? Akibaki nyumbani, Nsia atakula nini? Akachukua jembe akaenda bila pete. Matambiko yalipoanza alikaa mbali, ameligeuzia banio mgongo. Wimbo wa kuwaita mababu alikuwa akiujua tangu utotoni. Midomo ikataka kuufuata, akaiuma.

Wakachimba siku tatu. Ndekirwa siku zote hizo alikuwa kilimani, anafunga na kuomba mvua. Mvua haikuja.

Siku ya tatu alasiri maji yakafunguliwa. Kabla ukingo haujashindiliwa vizuri, jembe likamkata mtu mguu. Damu! Majembe yote yakawekwa chini. Maji nayo yakaanza kuula ukingo, kipande baada ya kipande.

"Tutaziba kesho," wakasema.

"Kesho mtaziba nini?" Aikande akapiga kelele. "Hapatakuwa na mfereji!"

Akajitosa peke yake, maji mpaka kifuani, akikandika udongo na magogo ya migomba. Akiziba hapa, panatoboka pale. "Shemeji!" akaita. "Shemeji, nakufa mimi!"

Elinami akaitazama pete yake. Akawatazama majirani aliokula nao kiapo. Kisha akaivua, akaitupa, akaruka majini. Watu wakaguna kwa hofu. Wawili wale wakashikilia mpaka jua likazama, na ukingo ukasimama.

Mzee Mashina akawaita Wakristo wote watatu. "Mfereji umepona," akasema, "lakini kiapo kimevunjwa, na watu wangu wana hasira na hofu. Nikiwanyima kabisa, nimewadhulumu. Nikiwapa kama wengine, mwakani nani ataheshimu pete? Ninyi ni wa dini moja, basi nawapa zamu moja nyote watatu, kesho alfajiri. Msiigawe, ardhi ilivyokauka, maji yataishia njiani. Chagueni shamba moja. Mkishindwa kukubaliana, zamu ni yangu."

Jioni hiyo wakakaa uani kwa Aikande.

Ndekirwa akasema, "Ni haki yangu. Nisingesimama mbele ya wazee, dada, ungepewa nafasi ya kuchimba bila pete? Mlango uliopitia wewe niliufungua mimi. Na nina watoto sita."

Elinami akasema, "Kaka, ulifungua mlango, ukaenda zako kilimani. Ni haki yangu. Nisingevaa, nani angemdhamini? Nisingevua, angezama. Sasa kanisani naitwa mla matambiko, na kijijini naitwa mvunja kiapo. Leo nimesalimia nyumba nne, hakuna aliyeitikia."

Aikande alitaka kusema kwamba mikono iliyoziba ilikuwa yake, na ulezi unaokufa ni wake. Lakini akajiuliza. Je, bila uso mkavu wa kaka yake angefika pale? Je, bila kidole cha shemeji yake? Naye alikuwa amewaza jambo baya mle majini: kama Elinami asingeruka, angevaa pete yoyote, ya mbuzi yeyote, mradi maji yapite. Hilo hakumwambia mtu.

"Na mimi nina Nsia," akasema tu.

Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Alfajiri wakamkuta Mzee Mashina ameinama kwenye kizibo cha mfereji, mkono tayari, na nyuma yake kijiji kizima kimekuja kutazama Wakristo watafanya nini.

"Semeni," akasema. "Maji hayasubiri."

Aikande akafungua kinywa.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Ndekirwa aliyekataa, Elinami aliyevaa akavua, na Aikande aliyechimba bila pete. Ninyi mliokaa hapa, wenye pete na msio na pete: maji yale yaende shamba la nani?